Jivu na Mwenyewe

Kazi huanza wiki kadhaa kabla ya moto. Maharagwe yakishapigwa, maganda yake hayatupwi. Mama huyaanika uani pamoja na magunzi ya mahindi na maganda ya ndizi mpaka yakauke kabisa. Siku isiyo na upepo hufagia mahali pamoja vizuri, maana mchanga ukiingia kazi yote imeharibika, kisha huyachoma hapo na kuuacha moto ufe wenyewe. Jivu linalotakiwa ni lile jeupe-jeupe. Jeusi bado ni makaa, halijaiva.

Baada ya hapo linatafutwa kopo. Zamani kilikuwa chungu kilichotobolewa kitako; siku hizi ni kopo la mafuta ya kupikia lililopigwa matundu chini kwa msumari. Nyasi kidogo hutandikwa ndani, jivu hujazwa juu yake na kushindiliwa kwa ngumi, si sana. Maji humiminwa polepole, na kwa muda mrefu huoni kitu. Halafu tone la kwanza linaanguka bakulini, rangi yake kama turungi iliyokolea. Ukilionja kwa ncha ya ulimi linachoma. Hayo ndiyo maji ambayo Waluhya huyaita musherekha, chumvi ya kienyeji. Kijiko kimoja au viwili kwenye sufuria ya mrenda, au ya kunde zilizoanza kukomaa, na majani magumu hulainika bila kupoteza ukijani wake. Jivu lililokwisha kuchujwa nalo humwagwa kwenye shina la mgomba.

Kuna methali isemayo kwamba moto hauzai moto, huzaa jivu. Hutajwa kwa masikitiko, mtoto wa mtu hodari anapotokea goigoi. Aliyeitunga hakuwa mpishi wa Bungoma, huku magharibi mwa Kenya. Katika boma la huku, jivu huchanganywa na mbegu za maharagwe ili wadudu wasizitoboe, hunyunyizwa kwenye sukuma wiki iliyoshambuliwa na vidukari, hutiwa chooni kukata harufu, hutumika kusugulia masufuria. Ukitaka jivu kwa jirani unaomba. Huokoti tu, kwa sababu lina mwenyewe.

Neno hilo, mwenyewe, ndilo litakalotuongoza. Moto ulipokuwa wa jikoni, kila jivu lilikuwa na mtu wa kuulizwa: alilitoa wapi, atalipeleka wapi, nani atalikanyaga. Moto ulipohamia kwenye injini na maboila, jivu likaongezeka mara elfu na mwenyewe akapotea. Sheria zilizoandikwa baadaye, Kenya na kwingineko, nyingi ni juhudi za kumtafuta.

Kabla ya kuiacha nchi ya zamani, inafaa kupanda kidogo upande wa Kitale. Kaskazini, wafugaji wa Kipokot huchoma matawi ya mti wanaouita cromwo, wakayasaga makaa yake, wakapaka unga huo ndani ya kibuyu cha maziwa. Maziwa huganda polepole na kutoka na rangi ya kijivu hafifu, na hayaharibiki upesi. Shirika la Slow Food la Italia limeyaingiza kwenye miradi yake ya kulinda vyakula vya asili, jambo ambalo huenda liliwachekesha wazee wa Pokot, kwa kuwa wao hawakujua kwamba maziwa yao yalikuwa hatarini.

Magharibi ya Kitale upo Mlima Elgon, na mlima huo wenyewe ni kazi ya moto. Katika pango la Kitum, ndovu huingia gizani usiku, wakipapasa njia kwa mikonga, wakafika ndani kabisa na kukwangua ukuta kwa pembe zao. Wanatafuta chumvi. Ukuta wanaoutafuna ni majivu ya volkano yaliyogandamana kuwa mwamba mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alifika upande huu na kukuta watu wakiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Alipoyatazama mapango hayo yalivyo makubwa, aliamua kwamba yalichimbwa na taifa la kale lililojua kazi ya migodi. Ndovu hawakumjia akilini. Mama na kopo lake, Mpokot na kibuyu chake, ndovu na pembe zake: wote walikuwa wanatumia kile kinachobaki moto ukishapita.

Halafu ikaja reli. Njia ya kwanza ilifika Kisumu mwaka 1901 na kuipita kando nchi ya Wabukusu, Waluhya wa Bungoma. Miaka ya 1920 Waingereza walijenga njia nyingine kutoka Nakuru, ikapanda Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924. Tawi la Kitale lilifunguliwa 1926 ili mahindi ya masetla wa Trans Nzoia yasisafiri kwa magari ya ng'ombe. Njia kuu ikaendelea kupitia Turbo, Broderick Falls na Bungoma, ikavuka mpaka Malaba, na kufika Kampala mwaka 1931. Mji wa Bungoma ulikua kando ya stesheni yake. Hata leo ukitaka kujua mji ulianzia wapi, fuata reli.

Injini hizo zilikula kuni. Makaa ya mawe yalipaswa kuletwa kwa meli mpaka Mombasa, na kila kilomita kuelekea bara ilizidi kuyapandisha bei, ndiyo maana idara ya misitu ilipanda mikaratusi na miwati kando ya njia kwa ajili ya tanuri za gari moshi. Mchochezi wa moto alisimama mbele ya mlango wa tanuri akitupa magogo, na kila baada ya safari majivu yalikwanguliwa kutoka chini ya wavu na kuangushwa shimoni. Sehemu nyingi duniani treni za mvuke zilipopita, majivu ya aina hiyo na makaa yaliyogandamana yalitandazwa kwenye viwanja vya stesheni na vijia vya wafanyakazi, kwani hayashiki tope. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni pekee: yaondoe njiani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia shirika la reli likageukia mafuta mazito, na majivu yakapungua bila sheria yoyote kuandikwa juu yake.

Sheria iliyokuwapo ilikuwa ya afya. Sheria ya Afya ya Umma, iliyoanza mwaka 1921 na bado imo vitabuni kama Sura ya 242, iliorodhesha mambo yanayohesabiwa kuwa kero: mitaro iliyoziba, marundo ya taka, na bomba la moshi linalotoa moshi kiasi cha kudhuru. Bomba la nyumba ya kuishi halikuhesabiwa. Ni sheria yenye pua na macho lakini haina mizani. Afisa wa afya angeweza kusema hapa pananuka. Hakuwa na namna ya kusema panatoka nini, kiasi gani, na kimeishia wapi.

Kisha kikaja kiwanda cha Webuye.

Maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia ndiyo yaliyowapa Waingereza jina la Broderick Falls, na baada ya uhuru mji ukaitwa Webuye. Serikali ya Kenyatta ilitaka karatasi ya nchini. Miti ilikuwa tayari ikipandwa upande wa Turbo, misunobari kwa maelfu ya ekari. Maji yalikuwapo, reli ilikuwapo. Kampuni ya Pan African Paper Mills, ambayo kila mtu aliiita Panpaper, ilikuwa mali ya serikali ya Kenya, ya Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia, na ya Orient Paper Mills, kampuni ya ukoo wa Birla wa India. Ilianza kutoa karatasi mwaka 1974. Daftari nyingi zilizotumiwa na watoto wa shule wa miaka ya 1980 zilianza maisha zikiwa msunobari wa Turbo.

Yaliyokuwa yakifanyika ndani ya kile kiwanda si mageni kwa mama mwenye kopo. Magogo hukatwa vipande vidogo na kupikwa kwa shinikizo katika maji ya magadi makali yenye salfa. Nyuzi za mti hutengana. Hizo ndizo karatasi. Kinachobaki ni mchuzi mweusi mzito wenye nusu ya mti ndani yake. Mchuzi huo hukaushwa hadi uwe kama asali, kisha huchomwa katika boila la aina yake, na kinachodondoka chini ya tanuri ni ujiuji mwekundu wa chumvi iliyoyeyuka. Ujiuji huo huangushwa ndani ya maji, maji hayo huchanganywa na chokaa, na magadi makali huzaliwa upya, tayari kupika magogo mengine. Ni jivu kulowekwa, ni maji kuchujwa, ni dawa kurudishwa chunguni. Ni musherekha uliojengewa jengo la ghorofa kadhaa.

Kwa maana hiyo kiwanda cha karatasi cha aina hii ni mashine ya kurejeleza majivu kuliko kitu kingine chochote. Kisipoyarejeleza hakiwezi kulipa gharama ya magadi. Nalisema hili kwa sababu watu wa Webuye wakisikia Panpaper hawakumbuki urejelezaji. Wanakumbuka harufu. Salfa ile, ikipikwa, hutoa gesi zinazonuka kama mayai viza, na pua ya binadamu huzitambua hata zikiwa haba mno. Msafiri aliyelala ndani ya basi la kwenda Malaba aliamka mwenyewe akifika Webuye. Wenyeji walilalamika pia kuhusu mabati: yalishika kutu na kutoboka kabla ya wakati wake, na mtu aliyeezeka nyumba kwa bonasi ya miwa alijikuta anaezeka tena. Maji machafu yalipita kwenye mabwawa ya kutulizia, kisha yakaingia Nzoia, na Nzoia humwaga maji yake Ziwa Victoria, baada ya kupita kwa watu wengi wasiopata mshahara wa kiwanda hicho.

Nani alikuwa mwenyewe wa yote hayo? Kwenye makaratasi ya kampuni jibu ni rahisi. Ila ukitazama vizuri unaona kwamba mwenye hisa ndiye aliyekuwa pia mwenye kutunga sheria. Serikali iliyopaswa kukiuliza kiwanda maswali ilikuwa imekaa upande wa pili wa meza, ikisubiri faida. Na mji mzima ulikula kwa kiwanda hicho: wafanyakazi, wenye nyumba za kupanga, mama mboga, wenye malori ya magogo. Katika hali hiyo, anayelalamikia moshi anaonekana kama anayelalamikia mshahara wa jirani yake.

Sheria iliyokuja na mizani ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Januari 2000. Iliunda mamlaka ya mazingira, NEMA, iliyoanza kazi mwaka 2002, na ikaandika kanuni ambayo kila mzee wa kijiji angeielewa: aliyechafua ndiye anayelipa. Mwaka 2006 zikatangazwa kanuni za usimamizi wa taka na kanuni za ubora wa maji. Sasa mwenye kiwanda alitakiwa awe na leseni ya kumwaga, apime anachomwaga, ajaze fomu kuonyesha taka yake imebebwa na nani na imeshushwa wapi. Fomu ile ya kusafirisha taka huonekana kama karatasi ya kero tu, lakini mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha jambo zima. Ni jaribio la kulifunga jivu kamba shingoni na kuandika jina la mtu kwenye ncha ya pili.

Tatizo lilikuwa umri. Kanuni hizo ziliikuta Panpaper ikiwa na miaka 32, mitambo yake imechakaa na madeni yamefika shingoni, nazo zikaishi nayo chini ya miaka mitatu. Januari 2009 kiwanda kilifungwa. Kikafufuliwa mwaka uliofuata, kikazimika tena. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa wawekezaji wa familia ya Rai, kikabadilishwa jina kuwa Rai Paper. Katika miaka ile ya ukimya nyumba za kupanga zilibaki tupu, maduka yakafungwa, na wapo waliosema kwa mzaha ambao haukuwa mzaha sana kwamba afadhali harufu irudi. Mabwawa, marundo ya chokaa iliyotumika, na tope la miaka 35 vilibaki vimelala pale, na swali la jikoni likarudi: mwenye moto akishaondoka, jivu ni la nani?

Kilomita chache magharibi, Bukembe, kuna moto mwingine. Kampuni ya Sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa 1978. Kiwanda cha sukari hakinunui kuni; huchoma makapi ya muwa, yale wanayoyaita bagasi. Muwa ukishakamuliwa, karibu theluthi moja ya uzito wake ni bagasi mbichi, nayo inatosha kuendesha kiwanda. Jivu lake ni dogo likilinganishwa na muwa, lakini muwa ni mwingi. Kiwanda kinachosaga tani 3,000 kwa siku, kwa hesabu ya kawaida ya viwanda vya sukari, huamka kila asubuhi na tani kumi na kitu za jivu. Sehemu moja hubaki chini ya wavu. Nyingine hupanda na moshi ikaanguka mbali kama manyoya meusi. Anayeanika nguo nyeupe upande unaoelekea upepo anayajua.

Jivu la bagasi limejaa silika, kwa sababu muwa ni nyasi, na nyasi hunyonya silika ardhini ili zisimame wima. Likisagwa laini likachanganywa na chokaa na maji, hushika kama saruji. Wahandisi wa vyuo vyetu wamelijaribu kwenye zege na matofali kwa miaka mingi. Lakini kazi yake ya haraka zaidi ipo shambani, na hapa Kitale na Bungoma zinakutana. Kituo cha utafiti cha Kitale ndicho kilichotoa mahindi chotara ya nyanda za juu katika miaka ya 1960, na pamoja na mbegu hizo ilikuja mbolea ya DAP, msimu hata msimu, mpaka udongo wa sehemu nyingi za Trans Nzoia na Bungoma ukawa mchachu. Mkulima anaambiwa anunue chokaa. Jivu nalo hupunguza uchachu, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko chokaa, na huongeza potasiamu juu yake. Mama aliyemwaga jivu kwenye mgomba hakuhitaji kuambiwa. Mnamo 2025 serikali ilikikodisha kiwanda cha Nzoia kwa kampuni ya West Kenya, kwa hiyo jivu la Bukembe limepata mwenyewe mwingine.

Ukiyaweka kando yale ya volkano, mpaka hapa majivu yote yametoka kwenye vitu vilivyoota juzi: gunzi, msunobari, muwa. Makaa ya mawe ni habari tofauti. Ni misitu iliyozikwa kwa mamilioni ya miaka, na katika kukaa ardhini imejikusanyia udongo na madini. Ukichoma tani moja, hubaki kilo mia moja au zaidi za jivu, wakati tani ya kuni kavu huacha kilo chache tu. Tena moto unapoila kaboni hauli aseniki, wala risasi, wala seleniamu; vilivyokuwa vimetawanyika ndani ya tani nzima sasa vimebanwa ndani ya gunia moja. Huwezi kuupelekea mgomba kitu hicho, wala huwezi kukichuja uweke kwenye mrenda.

Kenya haijawahi kuwa na mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe. Tanzania ilijenga mmoja mdogo wa megawati 6 kwenye mgodi wa Kiwira kusini mwa Mbeya. Viwanda vya saruji vya Athi River na pwani huchoma makaa ya mawe yaliyoagizwa, lakini humo jivu halina nafasi ya kuzurura: linamezwa na mawe ya chokaa ndani ya tanuri na kutoka likiwa sehemu ya saruji yenyewe. Jaribio kubwa lilikuwa Lamu. Kampuni ya Amu Power ilipanga mtambo wa megawati 1,050 huko Kwasasi, na mwezi Septemba 2016 NEMA ikaupa leseni. Wavuvi, wakulima na kundi la Save Lamu waliuliza maswali mengi, moja likiwa la jikoni kabisa: majivu mtayaweka wapi? Mpango ulikuwa na uwanja wa majivu, karibu na bahari, katika eneo ambalo maji ya kunywa hutoka kwenye matabaka membamba ya mchanga. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni. Lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirukwa. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaukubali uamuzi huo.

Ni nadra katika historia hii jivu kuulizwa mwenyewe wake kabla ya moto kuwashwa. Webuye waliuliza baada ya mabati kutoboka.

Marekani waliuliza baadaye zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Desemba 2008, huko Kingston, Tennessee, ukingo wa bwawa la majivu la shirika la umma la TVA ulibomoka. Zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope la kijivu zilishuka, zikaingia mto Emory, zikasukuma nyumba kutoka kwenye misingi yake. Hakufa mtu usiku ule. Wafanyakazi walioajiriwa kusafisha waliugua miaka iliyofuata na kwenda mahakamani. Na lile tope lilipelekwa wapi? Takribani tani milioni 4 zilipakiwa kwenye treni na kupelekwa kwenye jaa la Uniontown, Alabama, mji maskini ambao wakazi wake wengi ni Waamerika weusi. Jivu lilikuwa limepata anwani. Mwenyewe lilikuwa bado halijapata.

Kanuni ya kwanza ya taifa zima kuhusu majivu ya makaa ya mawe ilichapishwa Washington Aprili 2015. Ilitaka mabwawa yapimwe, maji ya ardhini yachunguzwe, matokeo yatangazwe hadharani. Iliyaita majivu taka ya kawaida badala ya taka hatari, sababu mojawapo ikiwa kwamba wanunuzi wa saruji wangeogopa mfuko wenye jina baya. Tena ikayaacha nje mabwawa ya mitambo iliyokwisha kufungwa, yaani yaleyale ambayo hayana mtu wa kuyaangalia. Mahakama ililikataa pengo hilo mwaka 2018, na mwaka 2024 ndipo kanuni mpya ilipoyafunika. Mtu wa Webuye akisoma habari hizo hahitaji kutafsiriwa.

Mkataba wa Basel wa 1989 kuhusu kusafirisha taka hatari, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2000, una namna yake ya kulikiri tatizo. Umeliandika jivu la mitambo ya makaa ya mawe mara mbili. Kwenye orodha ya taka hatari lina nambari A2060. Kwenye orodha ya zisizo hatari lina B2050. Tofauti ni kile kilichomo ndani, na hukijui mpaka upime. Mama mwenye kopo naye hupima, kwa ulimi.

Ukienda hadiwea ya Bungoma au Kitale, ukautazama mfuko wa saruji ya kawaida ya kujengea, utakuta maandishi ambayo wengi hawayasomi: CEM IV/B-P 32.5. Ile P ni pozolana asilia, yaani majivu na mawe ya volkano, kitu ambacho Warumi walikichimba Pozzuoli karibu na Napoli na kukipa jina la mji huo. Sehemu kubwa ya mfuko huo ni mlima uliosagwa. Kama ndani yake kungekuwa na majivu laini ya makaa ya mawe, yale yanayonaswa kwenye moshi, viwango vingedai herufi V mahali pa P. Tangu R. E. Davis na wenzake wa Chuo Kikuu cha California walipoandika juu ya majivu hayo mwaka 1937, yamekwenda kwenye mabwawa na madaraja ya dunia nzima, na yakiwa ndani ya zege sumu zake nyingi hubaki zimefungiwa humo. Herufi moja kwenye mfuko ni sheria yenye nguvu kuliko inavyoonekana. Fundi anajua anachokoroga, na kama ukuta utapasuka anajua wa kumuuliza.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na mwaka 2024 zikafuata kanuni zinazomfanya anayeingiza bidhaa sokoni aendelee kuwajibikia ufungashaji wake hata baada ya mnunuzi kuutupa. Serikali za kaunti ndizo zenye kazi ya kuzoa. Siku ya soko, Bungoma au Kitale, akina mama wanapopanga mrenda na mitoo kwa mafungu juu ya gunia, pembeni huwa pamesimamishwa chupa kadhaa za soda za nusu lita, lebo zimebanduliwa, zimejaa maji ya rangi ya turungi. Chupa ina mwenyewe kisheria, kampuni iliyoiingiza sokoni, ambayo haimjui muuzaji huyu. Musherekha uliomo ndani una mwenyewe pia, naye amekaa hapo kwenye kigoda. Mteja anaitikisa chupa na kuitazama juani kama ina mchanga, halafu anauliza jivu lake limetokana na nini. Maganda ya maharagwe, anajibiwa, na magunzi kidogo.